Vitabu vya Kiwanda Vilivyohamia Kisiwani

Kiwanda kilipofungwa, wenzangu wengi walilia pale getini. Mimi sikulia. Tulikuwa tumeishi kwa uvumi muda mrefu mno: leo kinauzwa, kesho hakiuzwi, mwekezaji anatoka Uarabuni, hapana, anatoka Afrika Kusini, tunabaki wote, hapana, wanabaki walinzi tu. Kila asubuhi nilitoka Butimba kwa miguu bila kujua kama nitakuta kazi au kufuli. Basi siku tangazo lilipobandikwa ukutani, na jina langu likiwamo, nilijisikia kama mtu aliyetua ndoo ya maji baada ya kupanda nayo mlima. Kazi sina, lakini angalau nimejua.

Kilikuwa kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba na kutengeneza sabuni za mche. Mimi sikuwa kwenye mitambo. Nilikuwa mtunzaji wa chumba cha kusomea. Wasomaji vijana huenda wasijue kitu hicho. Zamani, enzi za elimu ya watu wazima, kila mahali pa kazi palitakiwa kuwa na darasa la kisomo, na kiwanda chetu kikaongeza na chumba chenye rafu za vitabu. Wafanyakazi walikuja baada ya zamu, mikono ikinuka mafuta, wakaazima vitabu vya kupeleka nyumbani. Vilikuwamo vya ufugaji wa kuku, vya kilimo cha pamba, vya afya ya mama na mtoto, hadithi za sungura na fisi, riwaya, kamusi zilizochanika mgongo, na vitabu vya siasa vingi kuliko wasomaji wake. Miaka ilivyokwenda watu walipungua, lakini wale waliokuwa na watoto wa shule hawakuacha kuja.

Mwekezaji hakutaka mafuta wala sabuni. Alitaka mabanda yetu makubwa ayageuze kuwa ghala la samaki, maana wakati huo sangara ndiye aliyekuwa dhahabu ya Mwanza. Meneja wake alikuwa kijana mwenye adabu, ila mwenye haraka. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba changu akipima ukuta kwa macho.

"Hapa patakuwa ofisi," akaniambia. "Ikifika Jumatatu nataka pawe peupe."

"Na vitabu, bosi?" Mwaka mmoja nyuma ningemwita ndugu, lakini neno hilo lilikuwa limeanza kuona haya.

"Mtunza ghala ameshapata mtu wa kununua makaratasi."

Niliwajua wanunuzi wa makaratasi. Mjini kote sukari, chumvi, karanga na maandazi vilifungwa kwa kurasa za vitabu na mafaili ya maofisi yaliyokuwa yanakufa. Mara moja nilinunua karanga pale Mkuyuni, nikafungua ile karatasi nikakuta nusu ya somo la moyo na mishipa ya damu. Nilikula karanga huku nikitafuta nusu ya pili.

"Bosi," nikasema, "nikivitoa mwenyewe vyote kabla ya Jumatatu, utaniruhusu?"

Akanitazama. "Uvipeleke wapi?"

"Shuleni."

"Mradi chumba kiwe kitupu," akasema, akaendelea kupima ukuta. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, hata kumlilia kama ingebidi. Yalinibaki kinywani.

Mzee wa makaratasi alifika siku ile ile, na mkokoteni wake na kamba begani. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye kofia ya sufu jua kali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa hapa kuna mzigo."

"Upo, lakini vitabu havimo tena. Meneja ameniachia. Kuna magazeti na mafaili ya zamani ile stoo ya pili, hayo chukua."

Hakufurahi. Alichukua kitabu kimoja, akakipindapinda, akapapasa ukurasa kwa kidole gumba. "Gazeti linalowa mafuta upesi. Hii ndiyo karatasi. Unavipeleka wapi?"

Kwa meneja nilisema shuleni bila kufikiri shule gani. Sasa mdomo ukatangulia tena. "Ukerewe. Shule niliyosoma mimi. Tulikuwa tunasoma kitabu kimoja watoto dawati zima, wa pembeni anasoma kwa shingo."

"Umeshawaambia?"

"Bado."

Akacheka. "Na hao watoto, watavisoma au watavichana?"

"Kwani wako nyumbani wanachana?"

"Wangu hawana cha kuchana," akasema.

Kisha nikaenda kwenye rafu nikamtolea kitabu cha hadithi za sungura, chenye picha, nikampa. Alikifungua, akatazama picha ya fisi amenasa kichwa ndani ya chungu, akakitia ndani ya shati. Alipakia magazeti na mafaili yake, akaondoka. Nilidhani ndio mwisho wetu, lakini kesho yake alirudi na mkokoteni mtupu. Tulipakia vitabu ndani ya maboksi ya sabuni yaliyokuwa yamebaki kiwandani, akaisukuma ile mizigo mpaka chumbani kwangu Butimba, na baadaye mpaka bandarini. Aliponiaga alisema tu, "Wasalimie huko kisiwani."

Siku ya kuvuka kulikuwa na wingu zito upande wa Nansio, na maboksi yangu yalikuwa yamewekwa nje kwenye sitaha pamoja na magodoro, kreti za soda na mbuzi wa mtu. Niliyafunika kwa turubai niliyoazima kwa mama mwenye nyumba wangu, nikakaa juu yake. Mwanamume mmoja aliyesaidia kuyapandisha alikuwa bado anajishika kiuno.

"Dada, umebeba nini? Misumari?"

"Vitabu."

"Vya kuuza?"

"Vya kugawa shule."

"Basi wewe una shibe," akasema, na watu wakacheka. Sikuwa na shibe. Nilikuwa sina kazi, na nimekalia maboksi ya vitabu ambavyo hakuna aliyeniomba. Mvua ilianza tukiwa katikati ya maji. Yule mwanamume, bila kuombwa, akaja akashika upande wa pili wa turubai, tukaibana mpaka tukaingia Nansio. Tulipofunua, boksi moja tu lilikuwa limelowa pembeni, na lilikuwa la vitabu vya siasa.

Kutoka Nansio mpaka kijijini kwetu mizigo ilikwenda kwa baiskeli. Mama yangu alisimama mlangoni akiziona baiskeli zinaingia moja baada ya nyingine.

"Mwanangu, umekuja kufungua duka?"

"Hapana mama. Ni vitabu vya shule."

"Na kazi?"

"Kazi imekwisha."

Alinitazama usoni kwa muda, akitafuta msiba. Hakuuona. "Haya," akasema, "ingia ule. Kuna michembe ya viazi." Ndivyo mama alivyopokea habari ya mimi kupunguzwa kazini, jambo nililokuwa nimeliogopa kuliko ziwa.

Kesho yake nilikwenda shuleni. Mwalimu mkuu sikumfahamu. Alikuwa amehamia karibuni kutoka upande wa Musoma, mtu mwembamba, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Nilimweleza. Uso wake uling'aa. Akaja nami hadi kwa mama, akakaa kwenye kigoda, akafungua boksi la kwanza lililokuwa karibu. Bahati mbaya lilikuwa lile lililolowa. Akatoa kitabu chenye nembo ya chama, na cha pili chenye nembo, na cha tatu chenye picha ya mkutano na watu wamenyoosha mikono juu. Uso ukazimika kama koroboi.

"Dada yangu," akasema polepole, "hivi unanitakia mema kweli?"

"Kwa nini, mwalimu?"

"Mwaka huu wa uchaguzi? Vyama vingi vinapita kila wiki hapa na spika zao. Akija mmoja akikuta hivi darasani, atasema mwalimu mkuu anafanya kampeni. Nikivitoa, akija mwingine atasema mwalimu mkuu ametupa vitabu vya chama."

"Ni boksi moja tu. Mengine ni hadithi, kilimo, hesabu."

"Nani atafungua yote ahakikishe? Mimi nitakuwa nimeshahamishwa."

Hakuwa mtu mbaya. Mikono yake ilikuwa bado imeshika kitabu cha hadithi alichokichomoa kwenye boksi la pili, hataki kukiachia. Mwishowe akasema atamwomba mratibu wa elimu wa kata aje avione mwenyewe, na mpaka hapo vitabu vikae kwa mama, visiguswe na mwanafunzi.

Basi tukangoja. Tulinyanyua maboksi juu ya mawe kwa ajili ya mchwa, tukayahamisha kila mvua iliponyesha maana bati la mama lilikuwa na matundu, na kuku mmoja akaamua kutagia nyuma yake. Watoto walipita jioni wakitoka kuchota maji ziwani, wakasimama nje ya uzio.

"Shikamoo dada. Ni kweli kuna vitabu?"

"Marahaba. Vipo. Subirini kidogo."

Waliniamini kuliko nilivyojiamini mwenyewe. Usiku nilijiuliza kama nitalazimika kuvirudisha Mwanza, na nikivirudisha, nivipeleke wapi. Nilimfikiria mzee wa kofia ya sufu.

Aliyenitoa kwenye mawazo hayo alikuwa mama. Yeye alisoma kisomo nikiwa mdogo. Nakumbuka akirudi jioni na kibao cha kuandikia kwapani, na siku alipopewa cheti, baba akakitundika ukutani. Lakini baada ya darasa kufungwa hakukuwa na cha kusoma nyumbani zaidi ya kadi ya kliniki, na herufi zikamponyoka moja moja. Barua zangu alisomewa na watoto wa jirani. Alisema ni macho. Mwalimu mkuu alikuwa amesema visiguswe na mwanafunzi, na mama hakuwa mwanafunzi. Asubuhi moja nilimkuta amekaa karibu na mlango penye mwanga, kitabu cha watoto kimefunguliwa magotini, kidole kinatembea.

"M-to-to," akasema. "Mtoto a-li-pewa ka-ra-mu na mwalimu." Kidole kikasimama. "Alipewa karamu na mwalimu? Mwalimu gani huyo wa kumpikia mtoto karamu?"

Nilichungulia. "Kalamu, mama. Kalamu ya kuandikia."

"Si ndiyo nimesema, karamu?"

Ulimi wetu Wakerewe haujali sana kutofautisha herufi hizo. Tulicheka mpaka mama akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akarudi mwanzo wa sentensi akaanza upya, na safari hii akamaliza ukurasa. Hakusema lolote kuhusu macho.

Mratibu alikuja baada ya mvua kupungua. Nilitazamia mwanamume mwenye mkoba. Akashuka kwenye baiskeli mama mmoja mnene, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, amepandisha sketi kwa pini ili isiingie kwenye mnyororo. Mwalimu mkuu alikuwa nyuma yake, jasho linamtoka.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Wapi hizo siasa?"

Tulitandika mkeka nje, tukamwaga boksi baada ya boksi. Hakuwa na haraka. Alikaa chini, akanyoosha miguu, akavipitia kimoja kimoja: anafungua, anasoma kidogo, anaweka kulia au kushoto. Mwalimu mkuu alisimama na mimi nilisimama. Mama alileta uji, mratibu akanywa bila kuinua macho. Nilijaribu kuelewa kulia ni nini na kushoto ni nini, nikashindwa, kwa sababu kile cha kuku alikiweka kulia, halafu akakichukua tena akakiweka juu ya paja lake.

Akakisoma. Akapindua ukurasa, akakisoma tena. Tukangoja.

"Kideri," akasema hatimaye. "Kumbe ndicho kilichomaliza kuku wangu. Wanaangalia juu, shingo imepinda, halafu kwisha. Majirani waliniambia nimerogwa." Akavua miwani. "Mwalimu, hiki nakiazima. Nitakirudisha."

"Na hivyo vingine, mama?" mwalimu mkuu akauliza kwa sauti ndogo. "Vya nembo?"

Akachukua kimoja, akakigeuza. "Mtoto akisoma kwamba chama kilikuwa kimoja, atadhurika nini? Si kilikuwa kimoja kweli? Viweke rafu ya juu pamoja na historia. Atakayekuuliza, mwambie mimi nimesema. Wanajua ninapokaa."

Sijawahi kuona mtu akipumua vile. Mwalimu mkuu alikaa chini kwenye mkeka, pale pale katikati ya vitabu, akacheka peke yake kama mtu aliyeponea chupuchupu kugongwa na ng'ombe. Ndipo akatueleza kwamba alikotoka aliwahi kuhamishwa ghafla kwa sababu ya kikao kimoja tu cha kisiasa kilichofanyika darasani Jumapili, yeye mwenyewe akiwa kanisani, na tangu hapo kila karatasi yenye nembo ilimpa homa. "Mke wangu alihamia huku na mtoto mchanga kwenye mitumbwi," akasema. "Nisamehe, dada yangu." Nilimwambia hakuna la kusamehe. Nilikuwa nimefurahi hivi kwamba ningemsamehe hata deni.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Chumba kilichokuwa kinawekwa majembe ya shamba la shule kilifagiwa na kupakwa chokaa. Mafundi wa mitumbwi wa pale ufukweni walitoa mbao walizobakiza, wakatengeneza rafu kwa namna wanayoijua wao, zikapindika kidogo kama ubavu wa mtumbwi, kwa hiyo vitabu vilipopangwa vikawa vinaegemeana katikati. Hakuna aliyelalamika. Vilinuka sabuni, kwa sababu ya maboksi, na siku ya kwanza watoto walipoingia walivinusa kabla ya kuvisoma.

Siku hiyo waliambiwa wanawe mikono kwanza, wakapanga mstari kwenye ndoo. Waliingia kwa heshima kana kwamba ni zahanati. Msichana mmoja wa darasa la tano alitembea kutoka mwanzo wa rafu hadi mwisho bila kugusa kitu. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Natafuta ambacho mwalimu hatanisomesha," akasema.

"Unamaanisha nini?"

"Ambacho si cha mtihani."

Nilimpa hadithi ya safari ya watu waliopotea porini. Akakaa sakafuni, akaegemea ukuta, chokaa ikamchafua mgongo mzima, na kengele ya kwenda nyumbani ilipolia hakuinuka.

Wakati wa mchana, wanafunzi wakishaondoka, walianza kuja kina mama. Aliyewaleta ni mama yangu, na sababu yake ilikuwa ile ya kuku. Habari za kideri zilikuwa zimeenea kata nzima na kila mtu alitaka kuona kitabu kilichomtoa mratibu kwenye uchawi, naye alikuwa ameshakirudisha. Walikuwamo waliopata kisomo zamani na kusahau, na wasiopata kabisa. Mwalimu wa kike, kijana, aliyekuwa ametoka chuo cha ualimu karibuni, alijitolea kukaa nao. Yeye ndiye niliyemkabidhi chumba. Alikipokea kama mtu aliyekuwa anakisubiri. Kabla sijamaliza kumweleza, alishaanza kubandika magamba ya vitabu yaliyong'oka kwa gundi ya uji wa muhogo.

Najua havikudumu vyote. Vingine vililiwa na mchwa, vingine viliazimwa na kuvuka maji na wavuvi mpaka visiwa vya mbali, wala havikurudi. Miaka iliyofuata parokia ilileta maboksi mengine kutoka ng'ambo, vitabu vizuri vya Kiingereza vyenye theluji nyingi, navyo vikapata nafasi kwenye zile mbao zilizopinda. Mwalimu mkuu alikaa pale muda mrefu, hakuhamishwa. Uchaguzi ulipita, na hakuna chama kilichomuuliza chochote.

Asubuhi niliyoondoka mama alinifungia samaki wa kukausha na mihogo, akanisindikiza mpaka njia panda, akageuka upesi kwa sababu alikuwa na darasa. Melini nilipata nafasi chini, karibu na wanawake wanaopeleka machungwa Mwanza. Mkononi nilikuwa na turubai ya mama mwenye nyumba tu, imekunjwa. Sikujua nitafanya kazi gani nikifika. Kwa mara ya kwanza tangu tangazo lile libandikwe, nilisinzia mchana, nikalala kweli, kichwa juu ya gunia la machungwa la mtu nisiyemjua. Aliniamsha kwa kunigusa bega.

"Dada, amka. Tumefika, nashusha mzigo wangu."